Sanamu la konde hulihamishi? Basi tumbili umemsomesha mwenyewe

Jamani wakulima wa Pemba, hili nishalisema sana na bado nalikuta. Juzi nimepita konde moja karibu na msitu wa Ngezi, sanamu la kutishia tumbili limevishwa kanzu kuukuu na kofia, lipo palepale tangu mahindi yapandwe, na tumbili jike kakaa begani kwake anamenya hindi bichi, mtoto kamng'ang'ania tumboni anaokota punje zinazomdondoka mama mdomoni. Mwenye konde ananambia hawa wana jini. Hawana jini!

Kushtuka ni silika, tumbili anazaliwa nako, hata kitoto kikiona jani linaanguka kinaweza kupiga ule mlio wa kuwaonya wenziwe kuwa tai anakuja. Lakini kipi cha kuogopa kweli na kipi cha kupuuza, hilo anajifunza kwa kutazama wakubwa zake. Kwenye chakula ndio zaidi. Afrika Kusini watafiti waliwawekea tumbili mahindi ya rangi mbili, waridi na buluu, rangi moja wakaitia uchungu mpaka kundi likaiwacha, afu vilipozaliwa vitoto uchungu ukaondolewa, na bado kati ya vitoto 27, 26 vilikula rangi ile ile ya mama zao. Hayo yalitangazwa 2013. Sasa huyo aliyeonja hindi lako chini ya sanamu, msimu ujao atakwenda wapi?

Basi sanamu lisisimame kabla mahindi hayajatoa ndevu. Nimesema ndevu, sio siku ya kupanda! Likae siku 2 tu mahali pamoja, siku ya 3 lihamishe hatua 20 au zaidi na ulibadilishe nguo, siku ya 4 lilale nyumbani na mtu mzima avae kanzu ile ile asimame yeye kondeni, wakikaribia apige debe awafukuze mpaka waingie msituni, ili wasijue kamwe lipi sanamu na nani mtu. Afu mnaanza tena. Kuamia, yaani kulinda konde na wanyama, ni saa 12 asubuhi hadi saa 4, na saa 9 mchana hadi magharibi, nyinyi mnapanda dunguni, kwenye ulingo wa kuamia, saa 5 wenzenu wameshashiba wamelala kivulini, mnaamia nini?

Ukiona wanachungulia pembeni hawaingii, imekubali.

Na siku ukivuna hindi la mwisho toa sanamu siku hiyo hiyo, usinambie wiki ijayo.