Kumwandika Mwanamume Anayeogopa Mazoea

Mhusika wangu anaitwa Shaame, baharia wa boti ya Mkoani, Pemba, na Unguja. Siku za kulala mjini huenda kwa mjane mmoja mtaa wa Malindi, na amejiapiza kwamba yale ni ya mwili tu. Rasimu ya kwanza nilimharibu: kila baada ya kurasa mbili anasema "mie simpendi". Shoga yangu wa Wete akanirudishia daftari. "Huyu si mwanamume, ni tangazo la redio."

Basi ukitaka kumwandika mtu wa aina hii, anza na masharti anayojiwekea, tena yawe na ujinga kidogo. Tomas, daktari wa upasuaji wa Prague katika riwaya ya Milan Kundera ya 1984, alikuwa na hesabu ya tatu: ama umwone mwanamke mara tatu za mfululizo kisha basi, ama mwende miaka lakini kila mkikutana zipite wiki tatu. Na kulala usingizi pamoja, hapana. Akaja Tereza, akashikwa na mafua, akabaki kwake wiki nzima. Homa tu, na hesabu yote ikavurugika.

Shaame naye hanywi chai pale, haachi kitu chake, na hutoka kabla ya adhana ya alfajiri. Orodhesha hivyo, kisha uvunje sharti lililo dogo kabisa. Ukianza na kubwa, hadithi imekwisha ukurasa wa nne.

Kinywani mpe neno moja, ashiki. Huba, mahaba, mapenzi, asiyataje. Mazoea ndiyo yatakayomla taratibu, naye hana habari.

Mimi nilitumia mvua ya masika. Shati limerowa, mjane akalining'iniza juu ya chetezo likauke, udi ukaingia hadi kwenye mishono. Shaame akalivaa akaondoka, hakunusa kitu. Kesho yake boti imefika mkondo wa Nungwi, maji yamempiga kifuani, harufu ikapanda kwenye kola. Mwenzake anayefunga kamba akamwangalia: "Leo unanuka nyumba ya watu." Sentensi hiyo ilinichukua siku mbili, na kurasa sita za kujieleza nikazifuta.

Kitandani usikae sana. Haya ninayo, lakini sababu yangu nyingine: kule wote hufanana. Viatu mlangoni vinasema zaidi.

Mwanamke usimfanye mtego. Wangu eda ameshamaliza zamani, ana cherehani na wateja wake, na mume mwingine hataki. Yeye ndiye anayemwamsha Shaame aondoke. Hapo ndipo mwanamume alipoanza kuchelewa kufunga vifungo.

Shaame nimemwacha Darajani, dukani, ameshika doti ya kanga. Anasoma jina la kanga, anauliza bei, anairudisha. Anafika mlangoni, anageuka, anauliza bei tena.