Trela linalolala chini: namna ninavyolitengeneza karakanani kwangu Mtwara

Kijana mmoja wa Nachingwea alinipigia simu saa nne usiku. "Shikamoo mjomba. Trela likiwa tupu linapanda vizuri, nikiweka rola linagoma." Nilicheka kwanza, ndipo nikaitikia marahaba. Nilicheka kwa kuwa ugonjwa huo naufahamu. Ulinila usiku mmoja barabarani na siku tatu karakanani. Tulikaa kwenye simu mpaka salio likaisha, kesho yake tukaendelea. Haya ndiyo niliyomwambia, nimeyapanga kidogo.

Trela ninalozungumzia ni la kubeba rola ndogo ya kushindilia barabara, ya tani 1.6 hivi, au kijiko (mashine ya kuchimba) kidogo cha uzito huohuo, likivutwa na Canter. Magurudumu yake yako ubavuni, kila moja na mkono wake, hakuna ekseli inayokatiza chini ya sakafu. Silinda za mafuta ndizo zinazozungusha mikono na kunyanyua sakafu. Ukifungua mafuta, sakafu yote inashuka na kulala ardhini, rola inaingia kama mtu anavyoingia sebuleni. Anayebisha kwamba mbao mbili zinatosha hajawahi kupandisha rola asubuhi ya umande: lile gurudumu ni chuma laini, halina meno, na mbao zikiegemezwa kwenye gari refu linateleza mpaka dereva anaruka.

Kama mzigo wako ni kijiko cha tani 20, achana na mwongozo huu. Hiyo ni kazi ya lobedi, lile trela kubwa la sakafu ya chini, yenye shingo inayochomoka mbele, na hapo unaingia kwenye hesabu za mizani: tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne, 18 kwa ekseli mbili, 24 kwa tatu, na jumla isizidi tani 56. Mie sichezi huko.

Hatua ya 1: Uzito

Rola kilo 1,600, trela lenyewe kilo 800. Jumla kilo 2,400. Sehemu moja ya kumi, yaani kilo 240, iende kwenye ulimi, kile chuma cha mbele kinachokamatwa na gari. Zinabaki 2,160, kila gurudumu kilo 1,080. Ubavuni mwa tairi kuna namba ya mzigo. 122 maana yake kilo 1,500. Mie natumia tairi la saizi 7.50R16 kwa sababu inapatikana hata Masasi.

Chomelea kizuizi sakafuni ili rola isimame palepale kila siku. Dereva akiisimamisha popote anapojisikia, hesabu ya ulimi imekufa.

Hatua ya 2: Fremu

Chaneli (chuma chenye umbo la U) na bamba la vinundu la milimita 5. Sakafu yangu ina urefu wa mita 2.6 na upana wa mita 1.4. Hapa sina mengi. Fundi anayeweza kutengeneza geti la wigo anaweza kutengeneza fremu hii. Ila mbavu mbili za pembeni zinyanyuke juu ya sakafu, maana ndizo zitakazobeba pini ambazo mikono inazungukia.

Hatua ya 3: Mkono wa gurudumu

Mkono wangu ni sentimita 50 kutoka pini mpaka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Gurudumu likae nyuma ya pini. Nataka sakafu ishuke sentimita 30, kwa hiyo pini naiweka mahali ambapo sakafu ikiwa chini, habu iko sentimita 15 juu ya pini, na sakafu ikiwa juu, habu iko sentimita 15 chini ya pini. Katikati ya safari mkono umelala sawa na ardhi. Usiniulize kwa nini sasa hivi, utaona hatua inayofuata.

Gurudumu liko nje ya mkono, kwa hiyo linataka kuusokota. Bomba la pini liwe refu, sentimita 20 au zaidi, lishikwe na bamba pande zote mbili, na bushi za shaba ndani yake na nipeli ya grisi. Bushi za plastiki sizitaki. Nimeambiwa zipo nzuri. Sizitaki.

Mikono na mabamba ya pini nachomelea kwa vijiti vya 7018, na vijiti vikaushwe kwanza. Hewa yetu ya bahari inavilowesha hata vikiwa kabatini, na kijiti chenye unyevu kinaacha ufa usioonekana mpaka siku ya mashimo. Vijiti vya 6013 tumia kwenye mudigadi.

Hatua ya 4: Mahali pa silinda

Hapa ndipo tulipo mie na yule kijana. Keti.

Trela langu la kwanza lilikuwa na silinda mbili nzuri, za kipenyo cha sentimita 6 ndani. Nilikokotoa eneo la pistoni, sentimita za mraba 28.3. Pampu yangu inafika kilo 160 kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha: tani 4 na nusu kila silinda. Gurudumu linabeba tani moja na kitu. Nikasema hii itanyanyua mpaka Canter yenyewe. Nikaificha silinda vizuri, karibu sambamba na mkono, ili isigonge mawe. Ilipendeza kweli. Nikajaribu bila mzigo, trela likapanda. Nikalipaka rangi.

Siku ya kwanza ya kazi tulipakia rola pale Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi. Nikapampu. Mpini ukawa mgumu kama umechomelewa. Nikafanya kosa ambalo naomba usilifanye: nikakaza valvu ya usalama ili presha ipande zaidi. Hozi ikapasuka, mafuta yakanilowesha mpaka kifuani. Nina bahati hayakunipata machoni. Tulilala pale, tukanyanyua kwa jeki na magogo kulipokucha.

Siku ya kwanza karakanani nilibadili sili za silinda. Siku ya pili nikaazima pampu nyingine. Siku ya tatu nikabadili mafuta, nikaweka mazito zaidi, ambayo ni upuuzi, presha haitokani na uzito wa mafuta. Jioni akapita mzee mmoja aliyewahi kutengeneza matrekta kwenye mashamba ya mkonge Lindi. Hakugusa kitu. Alikwenda mlangoni kwangu, akasukuma mlango kwa kidole karibu kabisa na bawaba. Haukwenda. Akasukuma kwenye kitasa, ukafunguka. Akasema, "Silinda yako iko kwenye bawaba," akaendelea na safari yake.

Pima hivi. Vuta mstari unaopita katikati ya silinda, urefu wote. Kisha pima kutoka katikati ya pini ya mkono mpaka kwenye mstari huo, kwa pembe mraba. Umbali huo ndio kitasa chako. Kwangu ulikuwa sentimita 6 tu sakafu ikiwa chini. Gurudumu lenyewe lilikuwa umbali wa karibu sentimita 48 kutoka pini. Kwa hiyo kilo 1,080 mara 48 gawanya kwa 6: inakuja tani 8.6. Silinda ya tani 4 na nusu itatoa wapi? Na trela tupu je? Kila gurudumu lilikuwa na kilo 360, mara 48 gawanya kwa 6, chini ya tani 3. Ndiyo maana lilipanda, na ndiyo maana nilidanganyika. Jaribio la trela tupu halina maana yoyote. Afadhali usijaribu kabisa kuliko kujifariji nalo.

Dawa ni pembe, kama ya ng'ombe. Chomelea kwenye mkono, palepale penye pini, pembe ya bamba nene inayosimama juu, sentimita 18 kutoka pini mpaka tundu la silinda. Silinda ilale na kuisukuma pembe hiyo. Panga hivi: mkono unapokuwa umelala sawa na ardhi, pembe na silinda zitengeneze pembe mraba. Sasa ona uzuri wake. Mkono ukipanda au ukishuka, umbali wa gurudumu unapungua kidogo, na umbali wa silinda nao unapungua kidogo kwa kiasi kilekile. Nguvu inabaki karibu ileile njia nzima: 1,080 mara 50 gawanya kwa 18, tani 3. Presha kilo 106. Kinachobaki ni akiba ya tope, maana sakafu iliyolala kwenye tope la Februari inanyonywa na ardhi, haiachii kirahisi. Na pistoni inatembea sentimita 11 tu, silinda fupi inatosha.

Usiamini kichwa chako wala picha ya kompyuta. Vijana wanapenda kuchora kwenye laputopu, sawa, lakini mie nachora kwa chaki sakafuni, kwa kipimo chenyewe, nakata mkono na pembe kwenye boksi la katoni, natoboa kwa msumari mahali pa pini, kisha nauzungusha. Silinda ni kamba. Kila sentimita tano napima kile kitasa na kuandika ukutani. Ukikuta mahali popote kimeshuka chini ya sentimita 15, sogeza tundu kabla hujawasha mashine. Katoni ni bure, bamba la milimita 16 si bure.

Jambo jingine la hatua hiihii: usichomelee ukiwa umeshafunga silinda. Cheche ndogo tu ikitua kwenye ile pistoni inayong'aa inaacha kidonda, kidonda kinakula sili, na wiki mbili baadaye mafuta yanadondoka. Na waya wa ardhi wa mashine ubane karibu na unapochomelea, umeme usipite kwenye bering za habu.

Yule kijana alipopima yake alikuta sentimita 7. Nilimwambia asinunue pampu.

Hatua ya 5: Mbele nako

Wengi wanasahau. Magurudumu yakishusha nyuma huku ulimi umekaza, sakafu inainama tu, ncha ya nyuma inagusa ardhi na mbele inabaki juu. Kwa rola inatosha, wengine wanaishia hapo. Mie nataka ilale yote, kwa hiyo ulimi una bawaba mbele ya sakafu na silinda ya tatu, ileile, na pembe ileile ya sentimita 18.

Trela linaposhuka husogea mbele kidogo, langu sentimita 5. Kwa hiyo usitie jiwe kwenye tairi zake. Gari lenyewe livutwe breki ya mkono na litiwe mawe, trela liachwe huru lijitafutie.

Hatua ya 6: Pampu na koki

Pampu ya mkono. Najua kuna za betri, zinapendeza, na betri hufa Nanganga saa moja jioni. Pampu yangu hutoa sentimita za ujazo 25 kila ukipampu. Mara 30 hivi trela limesimama. Ukiwa na haraka, ajiri kijana.

Ukiunganisha silinda zote pamoja, mafuta yanakwenda penye urahisi: upande mwepesi unapanda peke yake na fremu inajisokota. Kipo kifaa cha kugawa mafuta sawasawa. Mie naweka koki tatu, moja kwa kila silinda, napandisha kidogokidogo kwa zamu. Magurudumu yatangulie, mbele ifuate. Ukianza na mbele, ile silinda ya ulimi inabebeshwa karibu nusu ya mzigo wote, na haikutengenezwa kwa hilo. Kushusha ni kinyume chake.

Hatua ya 7: Pini za safari

Trela halitembei juu ya mafuta. Likishapanda, kila pembe inafungwa kwa pini ya milimita 30 inayopita bamba mbili, kisha unafungua koki ili presha itoke, pini ndizo zibebe. Ya milimita 25 ilipinda kwangu. Kwenye shimo uzito unaruka mara tatu, kwa hiyo zile tani 3 zihesabu kuwa 9.

Hakuna springi hapa, tairi ndiyo springi. Kilomita 50 kwa saa, sibishani na mtu.

Hatua ya 8: Breki

Ziwepo. Waya au hozi ya breki ipite karibu kabisa na pini ya mkono, la sivyo mkono ukizunguka unaivuta na breki inakamata yenyewe.

Hatua ya 9: Jaribio

Pakia rola kamili, pandisha, funga pini, acha usiku kucha. Asubuhi angalia mafuta chini na rangi kwenye maungio. Ufa huanza kwa kupasua rangi. Mtu yeyote asiweke mguu chini ya sakafu kabla pini hazijaingia, hata kwa kuokota spana.

Trela likiwa halina kazi, lishushe juu ya matofali manne, pistoni zikiwa zimeingia ndani. Ukiliacha limesimama Shangani, karibu na bahari, kwa miezi miwili pistoni zikiwa nje, chumvi itazitoboa matundu madogomadogo, na utanipigia simu saa nne usiku.