Kabla ya dripu ya methotreksati, kusanya dawa zote za nyumbani

Ukishapangiwa methotreksati, dawa ya saratani, pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, usianze na nauli wala mtu wa kukusindikiza. Anza na dawa zilizomo ndani. Tia zote kwenye mfuko, hata kidonge cha maumivu kilichobaki kimoja, uende nazo kliniki.

Dawa hii hutoka mwilini zaidi kwa mkojo, ndiyo maana wanakupima figo kwanza. Kitu kikizichelewesha figo, inabaki kwenye damu kupita muda wake: mdomo unatoka vidonda, unaharisha, chembe za damu zinashuka. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaweza kuleta hayo, nazo ndizo unazopewa duka la dawa Manzese au Mbagala bila cheti, ukisema tu mgongo unauma. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo nayo itaje.

Septrin, dawa ya kuua bakteria, ndiyo inayonitia hofu zaidi. Yenyewe na methotreksati zote huuzuia mwili kutumia foliki asidi, vitamini ya kutengenezea damu, na zikikutana uboho unaweza kushindwa kutengeneza damu. Wengi wanaoishi na VVU huimeza kila siku kama kinga, wakiulizwa dawa wanataja ARV peke yake. SP ya malaria ni ya ukoo huohuo. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Itaje, daktari aamue.

Mwenye selimundu aseme pia kwamba anameza foliki. Asidi ya folinik, ambayo hospitali hutoa kwa saa maalumu baada ya dozi kubwa, ni kitu kingine kabisa na hairukwi.

Kuhusu magonjwa, sema kama una maji tumboni au kifuani, kwa kuwa dawa hujikusanya humo na kurudi kwenye damu polepole. Homa ya ini aina ya B ipimwe mapema, maana inaweza kuamka. Ujauzito usifichwe. Pombe iache. Chanjo ya homa ya manjano, hata kama safari imekaribia, usichome kabla ya kuuliza.

Na joto la mwili likifika 38 baada ya dripu, zoea letu la kupima malaria, kumeza Mseto na kulala halifai. Pima, lakini hata malaria ikionekana, nenda hospitali saa hiyohiyo. Namba ya wodi na ya bajaji wa jirani ziwe kwenye simu ya kila mtu nyumbani.