Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuandika Mambo Yajayo kwa Kiingereza

Msimu wa korosho unapofika, kuanzia mwezi Oktoba, maghala ya Mtwara na Lindi hujaa magunia, na ofisi zake hujaa barua pepe za Kiingereza kutoka kwa wanunuzi wa India na Vietnam, mawakala wa meli na watu wa bima. Karibu kila barua ya aina hiyo huzungumzia jambo ambalo halijatokea bado: meli itakayotia nanga, malipo yatakayoingia, mzigo utakaopakiwa. Kwa hiyo, kama kazi yako ni kuandika barua hizo, au kama unajiandaa kwa usaili bandarini, hotelini au kwenye mitambo ya gesi, hakikisha mambo yafuatayo kabla hujatuma au kufungua kinywa. Nimeona vijana wenye vyeti vizuri wakiumia hapa, na hakuna aliyeumia kwa uhaba wa msamiati.

Mepesi kwanza. Baada ya "will" kitenzi hukaa kitupu, yaani "I will go", wala si "I will to go". "Will" na "can" havifuatani. "Nitaweza kuja" ni "I will be able to come". Katika barua rasmi andika "will not" kwa ukamilifu wake badala ya "won't". Haya yote yamo katika madaftari ya kidato cha kwanza, kwa hiyo yapitie upesi uendelee mbele.

Kisha jiulize uamuzi ulifanyika lini. Kiswahili humaliza kazi kwa -ta- peke yake, lakini kitenzi cha Kiingereza hakina umbo lake lenyewe la wakati ujao, na msemaji hulazimika kuchagua njia kulingana na hali. Mgeni amefika kwenye nyumba ya wageni Mikindani na begi zito, nawe umeamua papo hapo kumsaidia: sema "I will carry it for you". Kama nia ulikuwa nayo tangu zamani, sema "I am going to", na umbo hilohilo ndilo la kutumia pale dalili zinapoonekana kwa macho, kwa mfano wingu jeusi linapotanda juu ya ghuba na watu wanaanza kuanua nguo: "It is going to rain". Kama miadi imeshafungwa na mtu wa upande wa pili anaijua, "I am meeting the agent on Monday" ndiyo sahihi. Ratiba huchukua wakati uliopo wa kawaida, hata kama safari ni ya kesho: "The bus leaves at six", kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Katika usaili jambo hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu anayeulizwa mipango yake ya mwaka ujao na kujibu kila kitu kwa "I will" huweza kuonekana kama aliyeanza kufikiri baada ya kuketi kwenye kiti, ilhali "I am going to" humwonyesha kuwa mtu aliyekuja na mpango.

Neno "shall" usiliguse bila sababu. Kanuni ya kutenganisha "shall" na "will" kwa nafsi, ambayo imo tayari katika sarufi ya John Wallis ya mwaka 1653, imefifia sana katika matumizi ya leo, lakini ndani ya mkataba neno hilo bado lina meno. "The seller shall deliver" haimaanishi kwamba muuzaji anatarajiwa kuleta mzigo. Inamaanisha kwamba amejifunga kuuleta, na asipouleta amevunja mkataba. Soma kila mahali lilipo kabla ya kutia sahihi.

Linalofuata ni kosa ninalolikuta karibu kila wiki: "When the ship will arrive, we will load." Kiingereza hakikubali "will" baada ya viunganishi vya wakati na sharti, yaani "when", "if", "before", "after", "until", "unless" na "as soon as", pale vinapofungua kishazi kinachotegemea kingine. Sahihi ni "When the ship arrives, we will load". Chanzo cha kosa ni "itakapofika", ambayo imebeba -taka- ndani yake, na mwandishi huihamisha jinsi ilivyo. Dawa tunayo wenyewe. Kabla ya kuandika, geuza "itakapofika" iwe "ikifika". Umbo la -ki- halina alama ya wakati ujao, nalo litakuelekeza kwenye "arrives" bila kuhangaika. Hata hivyo, usilifute "will" kila unapoliona karibu na "when" au "if". Katika "I do not know when the ship will arrive" limekaa mahali pake, kwa kuwa hapo "when" ni swali, na kwa Kiswahili tungesema "sijui meli itafika lini". Vivyo hivyo "sijui kama atakuja" hubaki "I do not know if he will come". Basi kipimo ni hiki: sentensi yako ya Kiswahili ikikubali -ki-, ondoa "will", ikidai "lini" au "kama ata-", liache.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wa hapa wamelilipia kwa fedha. Katika msimu mmoja, karani wa ghala moja hapa Mtwara, kijana mwangalifu aliyeandika barua zake mara mbili kabla ya kutuma, alimwandikia wakala aliyehusika na usafirishaji hivi: "We will load the containers until Friday." Alichotaka kusema ni kwamba hadi Ijumaa makontena yote yatakuwa yameshapakiwa, ili vichwa vya malori vije siku hiyohiyo kuyapeleka bandarini kabla meli haijafunga kupokea mzigo. Vibarua walipakia usiku, wakamaliza Alhamisi. Ijumaa kutwa makontena yalikaa uani yamefungwa, lakiri zikiwa mahali pake, na hakuna lori lililotokea. Malori yalikuja Jumamosi asubuhi, wakati meli haipokei tena mzigo wao, na makontena yakasubiri meli nyingine huku gharama zikipanda.

Niliitwa siku chache baadaye kusoma barua zilizochapwa, kwa sababu kila upande ulishikilia kuwa umeandika au umeelewa sawasawa. Neno "until" lilikuwa limepigiwa mstari kwa penseli mara tatu. Meneja alimuuliza kijana, "Wewe uliandika nini hapa?" Akajibu, "Mzee, niliandika hadi Ijumaa." Na kweli, hivyo ndivyo alivyoandika. Kisha akanigeukia: "Mwalimu, nimekosea wapi?" Wakala naye alikuwa amesoma Kiingereza kama kilivyo: upakiaji utaendelea mpaka Ijumaa, basi malori yaende Jumamosi. Mkataba wa msimu wa kijana yule haukuongezwa, jambo ambalo mimi naliona kuwa ni dhuluma, kwa maana hakuna mtu ofisini mle aliyewahi kumweleza tofauti hiyo.

Tofauti yenyewe ni hii. "Hadi" na "mpaka" kwa Kiswahili hutumika kwa kazi inayoendelea kufikia siku fulani na pia kwa kazi itakayokuwa imekwisha siku hiyo inapofika. Kiingereza hugawa kazi hizo: "until" kwa kinachoendelea, "by" kwa kilichokwisha. Na kitenzi nacho lazima kiseme kwamba kazi itakuwa imekamilika: "We will have loaded the containers by Friday." Wanafunzi huliogopa umbo hili kana kwamba ni la wasomi, ilhali Kiswahili kinalo kamili. "Tutakuwa tumepakia" ina -ta- kwenye kuwa na -me- kwenye kupakia. Kiingereza kina "will" na "have loaded". Anayeweza kusema "tutakuwa tumepakia" anaweza kusema "we will have loaded", na kila barua yenye siku ya mwisho ndani yake inalihitaji. Kabla ya kutuma, tafuta kila "until" uliyoiandika na ujiulize: siku hiyo ikifika, kazi itakuwa bado inaendelea, au itakuwa imekwisha? Kama itakuwa imekwisha, futa.

Mengine ni ya tahadhari tu. Usiandike "next Friday", kwa kuwa wapo wanaoelewa Ijumaa hii inayokuja na wapo wanaoelewa ile ya wiki inayofuata, andika tarehe. Tarehe nayo usiiandike kwa tarakimu na mikwaju, maana 5/11 kwa Mmarekani ni tarehe 11 Mei. Taja mwezi kwa jina lake. Saa za Kiswahili zibadilishe ziwe za Kiingereza kabla ya kuzituma, na uongeze kama ni asubuhi au jioni, na kwamba ni kwa majira ya Afrika Mashariki. Barua yenye fedha au meli ndani yake mpe mwenzako aisome kwanza, hata kama anajua Kiingereza kidogo kuliko wewe, kisha umwombe akueleze kwa Kiswahili alichokielewa. Na mtu wa upande wa pili akijibu "noted" peke yake, mpigie simu umuulize malori yanakuja siku gani.