Somo: Kulea viinitete vya panya ndani ya tone

Vijana wangu wa Amu, hasa mtakaoingia maabara za vyuo mwakani, leo tutazame jambo ambalo vitabu vingi hulipita mbio. Kiinitete kichanga, yaani mimba ya siku chache tu tangu yai litungishwe, hakingoji kulishwa tu. Hutoa kemikali zake chenyewe, nazo hukirudia na kukihimiza kikue. Ukizipoteza, umekinyima kitu usichoweza kukiona.

Hatua ya 1. Andaa maji ya kulelea: chumvi, bikaboneti, pairuveti, lakteti na glukosi (vyakula vya nguvu), na albumini, ambayo ni protini. Yalaze kwenye inkubeta, yaani kabati la kutunza joto na hewa, nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5.

Hatua ya 2. Dondosha matone ya mikrolita 20 (mikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita) kwenye kisahani, uyafunike mara moja kwa mafuta ya parafini. Mtafiti Ralph Brinster alieleza njia hii mwaka 1963. Tone likikaa wazi hukauka, chumvi huzidi, na kiinitete hudhurika.

Hatua ya 3. Osha viinitete vya seli mbili. Tone moja litie kumi, jingine kimoja tu. Nawaomba msiiruke hatua hii, kwani somo lote limo humu. Mwaka 1990 watafiti Paria na Dey walionyesha kuwa viinitete vya panya vilivyolelewa kimoja kimoja vilikua vibaya kuliko vilivyokaa pamoja. Walipomwongezea huyo mpweke EGF, ambayo ni protini ya kuchochea ukuaji, hali yake ikawa nzuri zaidi. Seli za kiinitete zina vipokezi, yaani mahali pa kuzinasa, vya protini za namna hii, na baadhi ya protini hizo huzitengeneza zenyewe. Ila tone likiwa kubwa, kinachotolewa na kiinitete kimoja hupotea kama chembe ya chumvi ndani ya sufuria ya pilau ya harusi.

Hatua ya 4. Inkubeta usiifungue ovyo. Baada ya siku tatu hesabu blastosisti, yaani viinitete vilivyofikia umbo la mpira wenye uwazi ndani, kisha tia rangi viini vya seli uhesabu seli. Umbo zuri peke yake halitoshi.

MASWALI

Fatma, Shela: Shikamoo mwalimu. Basi si tuweke mia katika tone moja?

Marahaba mwanangu. La. Chakula kitaisha, na asidi amino zikivunjika huacha amonia, ambayo ni sumu kwao. Wengi mno ni hasara sawa na upweke.

Athman, Mokowe: Mwalimu, kiinitete cha binadamu mara nyingi huwa peke yake tumboni. Mbona hakidhoofiki?

Umeuliza penyewe. Majimaji ya mrija wa uzazi ni utando mwembamba tu, kwa hiyo kinachotolewa hakiendi mbali. Tena mrija wenyewe hutoa vichocheo. Maabara haina mrija.

Mama Swafiya, Langoni: Na wanaotafuta mtoto kwa kupandikizwa kiinitete kilicholelewa maabara?

Dada yangu, huko kila kiinitete lazima kijulikane, ndiyo maana mara nyingi hulelewa kimoja kimoja. Wataalamu hupunguza tone, au hutumia visima vidogo vilivyokaribiana, viinitete visichanganyike ilhali maji yao ni mamoja.