Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 asiyetaka maji

Joto hili la kaskazi, usimbebeshe gilasi nzima, ataisukuma tu. Mtilie mafunda matatu manne ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kwenye kikombe kidogo cha wazi, kila nusu saa na kila akitoka kucheza. Unywe naye, maana watoto huiga. Kwa siku, maji na maziwa pamoja yafike kama lita 1, lakini maziwa yasipite nusu lita: yakizidi anashiba, chakula hali, na damu hupungua. Tikiti na chungwa navyo vina maji mengi. Chai usimpe kabisa, huzuia madini ya chuma. Mkojo ukikoza manjano, ongeza maji. Nepi ikikaa kavu kwa muda wa saa 6 naye kalegea, mpeleke kituo cha afya.