Kupiga hesabu ya kaboni ya samaki wako, anza na daftari la mafuta

Wengi wakiambiwa wapime kaboni ya samaki, yaani gesi za kupasha dunia zilizotoka mpaka samaki amfikie mnunuzi, wanakimbilia kutafuta programu, mimi nasema programu baadaye, kwanza omba daftari la mafuta na risiti za mwaka mzima.

Hatua ya 1: amua unapima kilo ya nini. Samaki mzima gatini, au minofu iliyofika kwa mnunuzi? Andika juu kabisa ya karatasi, maana bila hiyo namba yako haina maana yoyote.

Hatua ya 2: mafuta. Lita moja ya dizeli ikichomwa inatoa kama kilo 2.68 za CO2, yaani hewa ya ukaa (kuchimba na kusafisha mafuta kunaongeza juu yake, usisahau). Tuseme boti imekula lita 600 ikarudi na kilo 2,000, hapo ni kilo 1,608 gawa kwa 2,000, unapata 0.8 kwa kilo ya samaki mzima. Sasa ukipasua ukabaki na minofu asilimia 40, na vichwa na mifupa vimetupwa, ile 0.8 inakuwa 2. Samaki yuleyule, mafuta yaleyale! Na usichukue safari moja nzuri ukaifanya ndo mwaka, zile safari za kurudi mikono mitupu nazo zinaingia.

Hatua ya 3: gesi ya friza. Hapa ndo niliumbuka. Ripoti yangu ya kwanza niliituma bila gesi kabisa, fundi akaja kuniambia kwamba ule mwaka aliongeza kilo 5 za R404A, gesi ya kupozea friza, kwa sababu paipu ilikuwa inavuja, nikaona kilo 5 ni nini bana. Kumbe kilo moja ya gesi ile inapasha dunia kama kilo 3,922 za CO2, kwa hiyo 5 ni zaidi ya tani 19, yaani dizeli ya safari kama 12 za boti ile ya juu. Tangu siku hiyo risiti za fundi naziomba kabla ya kitu kingine.

Hatua ya 4: kama ni ufugaji, habari kubwa mara nyingi ni chakula. Chukua kilo za chakula ulizotumia gawa kwa kilo za samaki ulizovuna, halafu mwulize muuza chakula kimetengenezwa na nini na malighafi imetoka wapi, soya ya shamba lililofyekwa msituni si sawa na nyingine. Umeme wa pampu ongeza pia.

Hatua ya 5: usafiri. Meli ni kidogo, ndege inaweza kumeza hesabu yote ya juu.

Hatua ya 6: kusema. Usiandike "rafiki wa mazingira", andika namba, kilo ya nini, hesabu umeishia wapi, mwaka gani, na kama boti ilileta aina mbili za samaki umewagawia kaboni kwa uzito au kwa bei, kwa sababu kamba akigawiwa kwa bei anabeba mzigo mkubwa zaidi. Mnunuzi akitaka kiwango mwambie unafuata ISO 14067, kile cha kimataifa cha kupima kaboni ya bidhaa, na kwa samaki wenye mapezi ipo ISO 22948 ya 2020, ila kama hujaifuata yote usiitaje. Na usilinganishe minofu yako na nyama ya mtu aliyepima ng'ombe mzima akiwa bado shambani, mnunuzi anayejua ataliona hilo kabla hajafika ukurasa wa pili.